Picha ya Kariakoo ambayo fundi aliiruka

Miaka ya tisini ukipeleka mkanda studio, fundi ndiye aliyeamua picha ipi isafishwe. Iliyotikisika aliiruka bila kukuuliza, karatasi ilikuwa ghali. Ndiyo maana picha hii ilibaki kwenye negativu tu, yaani ule ukanda wa filamu ambao nyeusi na nyeupe zimegeuzwa, hadi juzi nilipofungua kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati.

Joto na unyevu wa Dar vilikuwa vimezigandisha negativu. Ukizibandua zikiwa kavu, jelatini iliyobeba picha inang'oka na kubaki upande wa pili. Nilizilaza kwenye beseni la maji safi ya baridi, nikaiacha jelatini ivimbe taratibu, mwisho zikaachia kwa kusukumwa kidogo na kidole. Nikazianika bafuni kwa vibanio vya nguo, maana chumbani vumbi haliishi. Madoa ya ukungu pembeni sikuyagusa. Jelatini iliyolowa huchubuka hata kwa ukucha.

Skana sina. Nikaazima tableti ya mpwa wangu, nikafungua ukurasa mweupe mtupu, mwanga nikauweka juu kabisa. Negativu hailazwi kwenye skrini yenyewe, vinukta vya skrini vitajitokeza kwenye picha. Niliiweka juu ya kioo cha fremu, kioo nikakiegemeza kwenye glasi mbili. Taa nikazima, nikapiga kwa simu, kisha nikageuza rangi kwa programu ya kuhariri: nyeusi ikawa nyeupe, nyeupe ikawa nyeusi.

Ni Mtaa wa Mkunguni, jioni. Nyuma linaonekana paa la zege la Soko la Kariakoo, jengo alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Chini yake watu ni moshi mtupu. Anayesukuma mkokoteni amebaki mstari. Na katikati yao mzee wa kanzu na koti, mikono nyuma, anasoma vichwa vya magazeti yaliyotandazwa chini, kama tunavyosoma wote tusiokusudia kununua. Yeye katulia hata tarizi za kofia yake zinaonekana.

Kamera ilikuwa Pentax K1000, nimeegemea nguzo ya baraza, shata, kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, kwenye 1/8 ya sekunde. Kwa muda huo mtu anayetembea kawaida husogea kama sentimita 15, zinazotosha kumfuta uso. Mguu uliokanyaga chini, lakini, haukusogea. Kwa hiyo kuna kandambili moja imetoka safi kabisa, mwenyewe haonekani. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko mzee.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1838 Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha barabara ya Boulevard du Temple, Paris, na kwa kuwa mwanga ulihitaji dakika kadhaa, msongamano wote ulipotea. Akabaki mtu mmoja aliyesimama, inavyoelekea aking'arishwa viatu.

Mpwa wangu aliitazama akasema, "Mjomba, hao wa pembeni wakate, abaki mzee." Nikamwambia tukiwakata atabaki mtu anayesoma gazeti. Hakuridhika, ila ndiye aliyeipeleka ikachapishwe, inchi 8 kwa 10, nzima, pamoja na ukungu wake.