Kura ya komwe: tulivyochagua mjadala bora wa mwaka kwenye kundi letu la bao

"Weka kura ya WhatsApp, dakika tano umemaliza." Ushauri huo nilipewa na watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, na wote nawaheshimu mpaka leo. Lakini nusura uvunje kundi. Naandika haya kwa ajili ya katibu mwenzangu yeyote ambaye kesho ataambiwa maneno hayo hayo.

Kundi letu ni la wapenzi wa bao, bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, zile mbegu ngumu tunazoziita komwe. Lilizaliwa kwenye baraza moja hapa Ngamiani, Tanga, watu wakitumiana picha za mchezo uliokwama ili aliyewahi kuondoka asipitwe. Leo wamo wa Pangani, Muheza, Dar es Salaam na Mombasa, na wamo Watanga walioko Muscat ambao huamka alfajiri kutazama kama fundi wetu wa bao amejibu. Mimi ndiye katibu. Marehemu baba aliniachia ubao wake wa mninga na daftari la matokeo, na kazi ikaja pamoja na daftari.

Miaka yote tulikuwa tukimtaja mchezaji bora, na jina lilikuwa likizunguka kwa watu wawili tu. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyesema mwaka huu tuuchague mjadala. Alisema mchezo wa bao huisha, kete zikarudishwa mfukoni, lakini yale yanayosemwa juu ya ubao baada ya mchezo ndiyo yanayomfundisha mtu. Nililipenda neno hilo tangu nilipolisikia. Bado nalipenda.

Basi nikaweka kura ya simuni, Jumatatu usiku. Kufika Jumanne adhuhuri watu 41 wameshapiga, na 27 kati yao wameuchagua mjadala wa mti: ubao bora ni wa mninga au wa mvule. Ulikuwa mjadala mzuri, sikatai, una picha za seremala wetu akichimba shimo kwa patasi. Lakini ulikuwa wa wiki iliyotangulia! Mjadala wa takasia, ile sheria ya bao ya kukatazwa kulicheza shimo lililotishiwa, uliotukesha siku tatu mwezi Machi, ulikuwa na kura mbili. Nilijua pana kitu hakijakaa sawa.

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba kura ile humwonyesha kila mtu nani kachagua nini. Bonyeza tu, majina yote yako pale na picha zao. Sasa huo mjadala wa takasia ndio ambao fundi wetu mkubwa, aliyewafundisha nusu ya barazani, alisahihishwa. Kijana gani wa Ngamiani ataweka jina lake hadharani chini ya mjadala huo, halafu jioni aende kumwamkia fundi?

Jumatano asubuhi nikapita kwa mzee mmoja wa Makorora. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikamwambia ahsante mjomba kwa kura yako. Akauliza, "Kura ipi?" Mzee anatumia simu ya kitochi. Kundini huingia kwa simu ya mjukuu wake, na mjukuu alikuwa amempigia kura babu bila kumwuliza, akachagua mti kwa sababu picha zilikuwa nzuri. Nikazunguka kwa wengine wenye hali hiyo. Wazee sita! Watu ambao sauti zao ndizo zilizoijenga hiyo mijadala, na hata mmoja hakujua kuna uchaguzi.

Usiku ule nikaifuta kura. Mmoja wa Dar es Salaam akaniambia nimefuta kwa sababu matokeo hayakunipendeza, akajitoa kundini. Iliniuma, maana upande mmoja alikuwa na haki ya kuniuliza. Nikamtumia ujumbe wa sauti nikamweleza habari ya wazee sita. Alirudi baada ya siku mbili, na alikuja kunisaidia sana.

Kwanza nikaurudia mwaka mzima, tangu Januari. Usimwachie mtu kumbukumbu yake, kumbukumbu ya Desemba inaanzia Novemba. Nikachukua kila mazungumzo yaliyokuwa na sauti tano au zaidi na yaliyolala usiku mmoja bila kufa. Yakabaki matano: ule wa mti, wa nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, lini uiache ilale na lini uisafirishe, wa saa, kama mashindano yatumie saa kama ya chesi, wa kuwafundisha wasichana bao tangu wadogo, na wa takasia.

Kila mmoja nikaufupisha uwe wa dakika nne, bila majina, "msemaji wa kwanza", "msemaji wa pili". Shangazi yangu akausoma kwa sauti yake. Shangazi hajui kimbi wala kichwa, majina ya mashimo ya pembeni, hana upande. Ningesoma mimi watu wangesikia ninapofurahi. Na yale maneno ambayo kila mtu anajua ni ya nani, kama fundi anavyosema "hapa pana moto", ilibidi niyatoe.

Niuonyeshe huo wa takasia, kwa sababu asiyecheza hawezi kuona uzito wake. Mkishamaliza kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, kete zote ziko ubaoni, mnacheza mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Zamu yako huna cha kula, itakubidi utakate, yaani usambaze kete bila kula. Lakini mwenzako kabla yako ametakata kwa ujanja, akalitishia shimo lako moja tu. Shimo hilo limetakasiwa: huruhusiwi kuliondoa hapo, unacheza jingine na kulisubiri liliwe. Kijana wa Pongwe akatuma picha: mstari wake wa mbele una mashimo matatu yenye kete, moja lina tano, mawili yana mojamoja, na lile la kete tano ndilo lililotishiwa. Yeye akalicheza. Wakamwambia umevunja sheria. Akauliza kundini, "Nyumba inawaka, nimuache mtoto ndani?"

Fundi akajibu kwamba sheria ni sheria, isipokuwa mara mbili: shimo likiwa ndiyo nyumba, au likiwa ndilo pekee lenye kete mstari wa mbele. Hapa hakuna hata moja, kijana amekosea. Wengi tukanyamaza. Siku ya pili Mtanga mmoja wa Muscat akasema polepole, na adabu zake zote, kwamba iko ya tatu: shimo likiwa ndilo pekee mbele lenye zaidi ya kete moja, halitakasiwi, kwa sababu shimo la kete moja halianzishi mchezo, na kijana angelazimika kucheza nini? Watu wakawasha moto. Wakaleta michezo ya zamani, wakapanga kete, wakapiga picha. Siku ya tatu, saa nne usiku, fundi akatuma sauti ya sekunde chache: "Kijana, umenirudisha chuoni. Lichezwe." Nilikuwa jikoni, nikakaa chini.

Huo ndio mjadala uliopata kura mbili.

Kwa hiyo nilitaka kura ya siri ambayo hata asiye na simu janja ataipiga kwa mkono wake. Wazo la kete nilikuwa nalo tangu mwanzo, na nilikuwa najua kwamba Gambia wamepiga kura kwa gololi tangu miaka ya 1960, na hata rais wao wa 2021 alichaguliwa hivyo. Mtu anatumbukiza gololi moja kwenye pipa la mgombea wake, na ndani ya pipa mna kengele inayolia mara moja, ili akitumbukiza mbili isikike. Ndiyo maana siku ya uchaguzi baiskeli zenye kengele huzuiwa karibu na vituo. Niliposimulia hilo barazani, fundi wa baiskeli wetu alisema Tanga uchaguzi kama huo ungeshindikana, mji mzima ni kengele.

Nikachukua makopo matano ya maziwa ya unga, nikayatoboa juu tundu la kupita vidole viwili, nikabandika alama. Komwe nikatoa kwenye ubao wa baba. Jaribio la kwanza nikalifanya na shangazi na watoto, na likanivunja moyo. Komwe ni ngumu kama jiwe, ikidondoka kwenye kopo tupu inalia *kang*, na aliyekaa ukumbini anahesabu: kopo la pili kutoka mlangoni. Nikaenda kwa seremala akanipa vumbi la mbao bure, nikatandaza chini vidole viwili. Mlio ukafa. Lakini mkono ulibaki kuonekana unaenda kopo gani, hata nilipotundika khanga, kivuli kinasema.

Nililala nikiwaza mlio na kivuli, na alfajiri wakati napiga mswaki jibu likaja. Kila mtu atumbukize kitu kwenye *kila* kopo! Anapewa mbegu tano: komwe moja na mbegu nne za ubuyu. Komwe anaitia kwenye kopo la mjadala wake, ubuyu kwenye mengine yote. Mkono unapita makopo matano kwa watu wote sawasawa. Wakati wa kuhesabu, komwe tu ndiyo kura.

Nikahitaji ubuyu mwingi. Nikanunua pakiti za kutosha, za shilingi elfu saba au nane hivi, watoto wa jirani wakafanya kazi ya kuumung'unya siku mbili kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwao shuleni. Mbegu nikazichemsha, nikazianika darini. Ziligoma kuacha rangi, nyekundu tupu, lakini ndani ya ngumi hazionekani.

Kilichonifurahisha zaidi nilikigundua baadaye: njia hii inajikagua yenyewe. Waliopiga wakiwa 31, kila kopo lazima liwe na mbegu 31, na komwe zote pamoja ziwe 31. Mtu akitia mbili mahali pamoja, kopo lenyewe litasema.

Swali lilikuwa moja tu. Watu walinitaka nitoe alama za lugha, adabu, urefu, na kadhalika. Nikakataa. Nikauliza kwa maneno ya mwalimu: ni mjadala upi uliokufanya ucheze tofauti na ulivyokuwa unacheza?

Ijumaa baada ya sala watu 19 walikuja nyumbani. Sauti za shangazi zikachezwa zote tano, wazee wakiwa wameinama na vikombe vya kahawa, halafu mmoja mmoja akapita nyuma ya khanga. Walio mbali 12 walimpigia shangazi, akawatilia yeye. Kahawa na kashata ziligharimu kama elfu ishirini, na kidogo zilichangwa. Yule wa Dar es Salaam aliyejitoa alikuja na basi la asubuhi, nikampa yeye kazi ya kuhesabu mbele ya wote.

Akamwaga kopo la kwanza kwenye sinia. Kumi na tatu komwe, ubuyu 18. Alama: takasia. Hakuna aliyesema kitu. Kopo la nyumba, komwe tisa. Mti, nne. Wasichana, tatu, na jumla ya mbegu 30. Saa, mbili, na jumla 32. Akasimama. Akasema kwa sauti, "Hapa mkono mmoja umepotea njia." Mzee wa Makorora akainua mkono, macho yake hayamsaidii, akasema huenda ni yeye. Komwe zilikuwa 31 kamili, na aliyeongoza amemzidi wa pili kwa nne, kwa hiyo mbegu moja isingegeuza lolote. Kila mtu aliliona hilo kwa macho yake pale siniani, na hakuna aliyebisha. Nilitamani baba angekuwepo.

Zawadi tulikubaliana isiwe ya mtu. Ubao wa baba ukaletwa katikati, na zile kete zikapangwa upya kama kwenye picha ya Machi: mbele shimo la kete tano, na mawili ya mojamoja. Kijana wa Pongwe alikuwepo, amekaa karibu na mlango kama mgeni. Fundi akamwita, akamwekea kiti upande wake, yeye akakaa upande wa pili.

"Umefika pale," akamwambia. "Litoe."

Kijana akaziokota tano, akazisambaza moja moja, vidole vinatetemeka kidogo. Tukabaki pale mpaka saa tano usiku. Fundi akashinda, lakini kwa shida, na mara mbili alisimama kuuvuta ubao karibu na taa.

Makopo nimeyaosha, yako juu ya kabati la ukumbini. Atakayeyataka aje achukue, ila ubuyu atafute wake.