Komeo la Geti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umeumia. Jumanne asubuhi, nikinunua samaki kupitia kidirisha cha geti kama kawaida yangu, muuzaji akaniuliza, "Mzee, mwenzio anaendeleaje?" Mwenzangu yupi? Kumbe jirani wa nyumba ya tatu, mstaafu kama mimi, amelazwa tangu Ijumaa. Nikataka kutoka mbio, komeo likagoma. Huku Sahare, Tanga, upepo wa bahari hauna huruma na chuma, na mimi nilikuwa na wiki mbili sijafungua geti. Hata ibada nilisikilizia redioni, nikisingizia miguu. Nililigonga komeo kwa jiwe, kutu ikinidondokea vidoleni, nikalia.

Nimefundisha miaka 34 huku nikiomba kijumba chenye baraza inayotazama bahari. Nilipofika 60, mafao yakatoka, nikaezeka, nikahamia. Ni baraka, wala mtu asione haya kwa kupumzika. Yule tajiri wa Luka 12, aliyeiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe, akafa usiku ule ule, tunamjua.

Lakini someni Hesabu 8. Walawi, wahudumu wa hema la Mungu, waliingia kazini na miaka 25, wakifika 50 wakaachishwa. Mungu mwenyewe ndiye aliyewastaafisha! Kisha mstari wa 26 unasema watahudumu pamoja na ndugu zao. Walitua mzigo, lakini ndugu zao hawakuwaacha.

Wastaafu wenzangu, nawaambia kwa upendo, na mimi nikiwa wa kwanza kukemewa: kazi tumestaafu, watu nani alituruhusu kuwastaafu? Tunapandisha ukuta, tunachomeka vipande vya chupa juu yake, tunafuga mbwa mkali, halafu tunalalamika kwamba vijana hawaji kutuona. Wapite wapi? Kuna kijana wa bodaboda hapo kijiweni anataka kuoa, hana baba wa kumuuliza. Kuna mama mjane anayeshindwa kusoma barua ya kiwanja chake. Na wewe, mwalimu, karani, nesi, umekaa barazani na yote uliyojaliwa kujua, unahesabu maji kupwa na maji kujaa! Tokeni, wapendwa. Tokeni leo, magoti yakiuma hivyo hivyo.

Jirani nilimkuta ameketi kitandani, dripu mkononi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisogea akanipa nafasi nikae, tukasoma Zaburi ya 71 kwa zamu, tukibadilishana miwani yangu kwa sababu yake aliiacha nyumbani.

Jioni nililimiminia komeo mafuta ya taa, nikaliacha wazi.