Ukoka ulikufa mara mbili chini ya mwembe wangu

Kijana wa kitalu mjini Mtwara aliniapia kwamba ukoka hauchagui mahali. Unachagua! Chini ya mwembe wangu hapa Mikindani, wiki ya tatu tu ulishakuwa mwembamba, wa manjano, umejinyoosha wote kuelekea langoni kutafuta jua. Niliporudi kumweleza, akasema niongeze urea. Nikaongeza, ukafa haraka zaidi. Nikanunua mwingine, nao ukaenda. Elfu thelathini na ushee zimepotea hapo, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mama wa jirani ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, ukoka mtoto wa jua. Angalia kwanza jua linapita wapi." Jumapili nikashinda barazani na kapu la makombe ya pwani. Kila saa nilitoka, nikaweka kombe pale jua linapogusa. Jioni makombe yote yalikuwa yamepangana ukingoni, upande wa njia. Katikati, hata moja! Tuta lenyewe ni hatua tano kwa mbili, nami nililifanya lote kama mahali pamoja.

Nyuma ya bafu, kwenye kivuli kizito, kongwa, lile gugu linalotambaa, lilikuwa limejiotea na kunawiri. Kongwa silitaki, maana likishaingia halitoki. Ila mama wa jirani alikuwa na ndugu wa kongwa kwenye kopo: lile ua linalotambaa, jani lina mistari ya fedha, ukiligeuza chini ni zambarau ya biringanya. Akanikatia vipande kumi na viwili. Hata mizizi havikuwa nayo. Kila pingili iliyogusa udongo ilitoa yake.

Tabu ikabaki mizizi ya mwembe, inakunywa maji yote. Wengine walinishauri niikate. Mti wa marehemu babu, niukate mizizi kwa ajili ya maua? Nilichukua makumbi ya nazi, nikayaloweka siku tatu nikibadilisha maji, kisha nikayalaza kati ya mizizi, upande wa nyuzi juu kama vibakuli, nikafunika kwa mboji ya majani ya mkorosho, nene kama kiganja na si zaidi, mti usije ukakosa hewa. Kiangazi cha Agosti nilifukua kimoja: nyuzi zilikuwa bado na unyevu, na vijizizi vyeupe vimeshapenya ndani. Nilimwita mke wangu aje aone.

Nilikuwa nimepanda mvua za Desemba zilipoanza. Ukingoni nikaweka nanaa, ya chai. Kuku niliwazuia kwa makuti mpaka mimea ikakamatana. Kuna kona moja kabisa ukutani ambako mistari ya fedha imefifia, kivuli kimezidi. Hapo nitajaribu sansevieria, ule mkonge mfupi wa mapambo wa kwenye kopo.

Majani ya mwembe yanaanguka kila siku, na fagio halifai humo, linang'oa. Naokota kwa mkono asubuhi, kabla ya chai.