Ninavyoyapima magongo ya kaboni kabla ya kuwapa wachezaji

Gongo la mbao likipasuka, utaliona. Nyuzi za mti huchomoza, ufa unafuata mpini, na mchezaji mwenyewe analiweka kando. Wazee wetu waliocheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mara pekee Tanzania kufika huko kwa mpira wa magongo, walikuwa na magongo ya namna hiyo. Gongo la kaboni halikuonyeshi kitu. Linaweza kuwa limeharibika ndani huku rangi yake ikiwa inang'aa, kisha siku ya mechi mchezaji anapiga penalti kona (pigo la adhabu karibu na goli), kichwa kinabaki kwenye nyasi na yeye ana mpini mkononi.

Mimi natunza vifaa vya timu ya vijana hapa Dar es Salaam. Mazoezi yetu mengi ni Kidongo Chekundu, pale JMK Park, na magongo yetu karibu yote ni mtumba. Mengine tunaachiwa na wageni wanaorudi kwao, mengine nayapata soko la Karume yakiwa yamechanganywa na raketi na viatu vya mpira. Gongo jipya lenye kaboni nyingi limepita uwezo wa wazazi wengi. Kwa hiyo kinachonihusu ni kimoja: katika haya tuliyonayo, lipi nimpe binti wa miaka 15 apige kwa nguvu zake zote bila hofu?

Naanza na mambo ya sheria kwa sababu hayachukui muda. Gongo zima lisizidi gramu 737. Mizani ya duka inatosha. Lipite kwenye pete yenye kipenyo cha milimita 51. Upinde wake usizidi milimita 25, na pale lilipopinda zaidi pasiwe karibu na kitako cha kichwa kuliko milimita 200. Nalilaza upande bapa chini, juu ya meza iliyonyooka, halafu nasukuma chini yake kipande cha chuma chenye unene wa milimita 25. Kikipita, gongo hilo halichezi mechi.

Kazi yenyewe huanzia hapo, na niliyejifunza kwake ni fundi faiba wa Gerezani, mzee anayeziba mabampa ya magari na maboti ya uvuvi. Nilimpelekea gongo lenye mkwaruzo mkubwa kichwani nikitaka alizibe. Hakugusa brashi. Alitoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni, akalishika gongo kwa vidole viwili likaning'inia, akaanza kuligonga kutoka juu kushuka, hatua kwa hatua. Ti, ti, ti. Alipofika kiganja kimoja chini ya gripu, ule utepe wa kushikia, sauti ikabadilika ghafla: tu.

"Mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Hapo matabaka yameachana. Mkwaruzo uache, huo ni wa juu tu. Ugonjwa uko hapa."

Akarudia upande wa pili, pale pale, na jibu likawa lile lile. Kwa macho hapakuwa na alama yoyote.

Sababu yake ni muundo wa gongo. Ni matabaka ya nyuzi za kaboni na za kioo, wakati mwingine na aramidi (nyuzi ngumu za plastiki), yaliyogandishwa kwa gundi ya epoksi kuzunguka uwazi wa katikati. Kaboni inalipatia gongo ugumu, lakini haivumilii kugongwa ubavuni. Magongo mawili yakikutana kwa kishindo, gundi kati ya matabaka huachia hata kama rangi ya juu haijachubuka. Penye mwanya sauti hufa. Mafundi wa ndege nao hugonga hivi hivi kutafuta maeneo yaliyoachana kwenye mabawa, kwa hiyo usiidharau sarafu kwa kuwa ni sarafu.

Tangu siku ile hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, lakini kina masharti. Uwanjani huwezi, kelele za bodaboda na daladala zitakupoteza. Mimi nafanyia stoo alfajiri, mlango umefungwa. Gripu lazima ivuliwe, maana chini yake ndipo nyufa nyingi hujificha. Sauti hubadilika pia mpini unapoungana na kichwa, kwa sababu pale pameshiba zaidi, na huo si ugonjwa. Ni sawa na kuchagua tikiti maji sokoni: sikio linahitaji kulijua kwanza lililo zima. Nina gongo moja jipya ambalo halichezwi, lipo stoo kwa ajili ya kulinganishia tu. Kila ninaposikia "tu" nazungushia chaki.

Kipimo cha pili nilikiazima kwenye hoki ya barafuni. Watengenezaji wa magongo yale huandika namba ya mnyumbuko kwenye mpini: 85 maana yake inahitajika nguvu ya kama pauni 85, takriban kilo 39, kuukunja mpini kwa inchi 1. Ya kwetu hayana namba hiyo na ni magumu zaidi, lakini wazo linafaa. Naweka gongo juu ya vyuma viwili vilivyoachana sentimita 70, natundika ndoo ya lita 20 ya maji katikati kwa mkanda mpana, na chini yake kuna geji yenye mshale niliyoazimwa na fundi wa kukereza vyuma. Gongo hushuka milimita chache tu, kwa macho huoni lolote, lakini mshale unaona.

Hapa wengi huangalia gongo lipi limeshuka kidogo na kulitangaza kuwa bora. Mimi naangalia zaidi ndoo inapotolewa. Gongo zima hurudisha mshale palepale ulipoanzia, mara ya kwanza na mara ya tatu. Bovu huacha mshale njiani, au kila mzigo hulishusha zaidi ya uliotangulia, na mara nyingine hulia "kri" kwa ndani. Namba ya leo naiandika kwenye daftari, ili baada ya msimu nijue kama limelegea. Ugumu mkubwa peke yake si sifa. Mtoto anayejifunza kupokea mpira hupata tabu na gongo gumu sana, mpira unamruka. Ambalo lina nyuzi za kioo zaidi linamtunza vizuri.

Nguvu ya kupiga nilianza kuipima kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde. Mistari miwili ya chaki, mita 3 kati yake. Mpira ukivuka kwa picha 36 umetumia sekunde 0.15, yaani mita 20 kwa sekunde, kilomita 72 kwa saa. Vijana wanaipenda sana na inawaongezea ari. Ila kwa kulinganisha magongo haifai, kwa kuwa mchezaji yule yule hutofautiana pigo kwa pigo kuliko magongo yanavyotofautiana. Siku hizi nabana kichwa cha gongo kwenye jiliwa, vitambaa pande zote, kisha naachia mpira kutoka urefu wa mita 1 juu ya upande bapa na kurekodi umedunda hadi wapi kwenye rula. Penye chaki, mdundo hupungua waziwazi. Hapo sarafu inakuwa imepata shahidi.

Joto la Dar nalo nimelipima. Epoksi hulainika kadiri inavyopata moto, na magongo meusi yaliyofungiwa kwenye buti ya gari juani hupata moto mkali. Gongo moja la bei nafuu, nilipolipima asubuhi na tena baada ya kulala juani hadi mchana, lilishuka zaidi kwa ndoo ile ile. Tangu hapo begi la magongo halikai kwenye gari, na halikai chini ya bati.

Kuhusu kusagika kichwa, mchanga wa nyasi bandia ndio adui. Tepu ya kichwani inasaidia, na naibadilisha kabla nyuzi hazijaonekana. Zikishachomoza, huchoma mikono, na gongo lenye makali haliruhusiwi kuchezewa.

Lenye chaki kichwani au kwenye mpini halipewi mpigaji. Kama eneo ni dogo, fundi hulifunga tabaka la faiba, nalipitisha tena kwenye pete na mizani, kisha linabaki la mazoezi ya kusukuma na kupokea. Lililoshindwa kabisa nalikata kwa msumeno mimi mwenyewe, maana likiachwa pembeni ya uwanja mtoto ataliokota acheze nalo. Ukikata, vaa barakoa na ulowanishe kwa maji: vumbi la kaboni linawasha ngozi na halifai kabisa kuingia kifuani.