Milango ya fahamu: kitambaa cha macho nilikitupa, soksi ikanifaa

Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, na kama kuna somo linalodanganya ni hili la milango ya fahamu. Unachora uso ubaoni, unaelekeza kwa kijiti, watoto wanaitikia kwa wimbo: macho kuona, masikio kusikia, pua kunusa, ulimi kuonja, ngozi kugusa. Mkaguzi akipita anafurahi. Kesho yake muulize mtoto jana alijuaje kuwa jirani anakaanga samaki, anakutumbulia macho tu.

Kwenye semina moja tukashauriwa tuwafunge watoto kitambaa, eti ndiyo njia ya kisasa. Mtoa mada alieleza kwa mbwembwe, nami nikaenda kufanya vilevile. Jamani! Wa kwanza alianza kulia kabla sijakaza fundo. Wa pili akainua kidevu, akachungulia kwa chini, akajibu yote sawa na kupigiwa makofi. Wa tatu akauliza kwa sauti, "Mwalimu, tunachomwa sindano?" Basi! Darasa zima likaangua kilio, mwalimu wa darasa la kwanza akaja mbio kuuliza nimewafanya nini wana wa watu. Na hapo bado hujafikiria kitambaa kimoja kuzunguka kwenye macho ya watoto wote hao, ugonjwa wa macho mekundu ukiingia utajibu nini kwa wazazi?

Nikaenda Ngamiani kununua soksi ndefu za mtumba, buku moja au pungufu ukijua kubembeleza. Ndani nikatia gunzi, kifuu, kijiko, kokwa kavu la embe na kipande cha dodoki. Mtoto anaingiza mkono huku ananiangalia usoni, hofu haipo. Sharti ni moja: haruhusiwi kutaja jina la kitu mpaka aseme kwanza kikoje. Ukiliacha sharti hilo watakimbilia kubahatisha, na kugusa kwenyewe hakutakuwepo. Mmoja alipapasa lile dodoki wee, kisha akasema, "Kinakwaruza, lakini ukikibana kinanywea." Huyo ana miaka mitano.

Siku ya mabeseni ilizua ugomvi niliokuwa nautaka. Beseni moja maji ya mtungini, la pili maji ya moto kiasi (pima kwa kiwiko chako mwenyewe, usimtume mtoto), la katikati yamechanganywa. Mkono mmoja huku, mwingine kule, wahesabu hadi ishirini, halafu yote miwili katikati. Mkono uliotoka kwenye baridi unasema maji ni ya moto, uliotoka kwenye moto unasema ya baridi, na beseni ni lilelile! Wakaanza kuitana waongo. Ngozi hailingani na kipimajoto, inalinganisha tu na ilikotoka.

Lakini ninalojivunia hasa ni pipi. Nunua pakiti ya pipi za matunda mchanganyiko, elfu tatu nne hivi. Mtoto anaziba pua kwa vidole, anafumba macho mwenyewe, unampa pipi. Ni ya nini? "Tamu." Ya chungwa au ya ndizi? "Tamu tu, mwalimu." Sasa achia pua. Ukiziona sura zao hapo! Wanaruka: "Chungwa! Chungwa!" Maana ulimi wenyewe unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama, basi. Hilo chungwa linatambuliwa na pua, harufu inapanda kwa nyuma ya mdomo. Ndiyo sababu ukiwa na mafua hata pilau inakosa maana. Vunja pipi vipande vidogo zisije zikampalia mtu, na waulize wazazi mapema nani hali nini.

Nikiwa hapo kwenye ulimi, lile bango lenye ulimi uliogawanywa kama ramani, utamu nchani, uchungu nyuma, litoeni ukutani. Ni matokeo ya utafiti wa Kijerumani wa 1901 uliokuja kusomwa vibaya, na makosa yakaendelea kunakiliwa. Chovya pamba kwenye ukwaju, gusisha ncha ya ulimi, kisha pembeni: uchachu unasikika kote. Mwenzangu alinibishia mpaka akajaribu mwenyewe, akanuna.

Kusikia nilitumia chupa tupu za maji zilizofungwa gazeti, mbilimbili: mchele, maharage, mchanga, sarafu. Kila mtoto anatikisa yake na kumtafuta pacha wake darasani. Makelele, ndiyo. Ila humo ndimo nilimgundua mmoja ambaye siku zote tulimwita mtundu, kumbe kila chupa anaipeleka sikio la kulia tu. Nikamwita mama yake, akampeleka hospitali, sikio la kushoto likakutwa limeziba nta tele. Siku hizi ukimwita mara moja anageuka.

Kwa kunusa, viungo vya chakula toa kimoja kimoja, karafuu iwe ya mwisho, la sivyo iliki na mdalasini wote utaambiwa ni karafuu.

Malalamiko niliyopata ni ya mzazi mmoja tu. "Mwalimu, mwanangu dagaa alikuwa hagusi, sasa anakula, lakini anaziba pua mbele ya wageni na kuwaambia na wao wazibe." Nikamwambia, mama, si anakula?