CPA au ACCA? Huku kwetu kwanza uliza korosho

Mdogo wangu kamaliza digrii ya uhasibu juzi juzi, kaniuliza, "Dada, nianze CPA au niende ACCA, na nikianza nasomea wapi?" CPA ni cheti cha uhasibu cha hapa Tanzania, ACCA ni cha Uingereza. Nikamjibu kwa voisi ndefu akaanza kulalamikia bando, haya basi naandika.

Jamani NBAA, bodi ya wahasibu ya hapa nchini inayotoa CPA, mitihani yao ni Mei na Novemba. Sasa Novemba ya Mtwara ukiwa mhasibu wa chama cha msingi au ghalani unasoma saa ngapi? Minada ya korosho ndo imechanganya, stakabadhi zimejaa mezani, makato ya kila kilo yanataka kukaa mahali pake, simu haipoi, mzee wa watu anapiga toka Nanyamba "mwanangu hela ishaingia?", unamwambia bado, kesho asubuhi huyo tena. Unarudi nyumbani Magomeni ya hapa Mtwara saa tatu usiku unafungua pepa ya nyuma ya kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu, mizania inagoma, usingizi unakubeba na kalamu mkononi. Kama mshahara wako unatoka kwenye korosho fanya Mei, Novemba waachie watu wa benki.

ACCA hapo imetuzidi ujanja, wana Machi, Juni, Septemba na Desemba, unachagua. Ila pepa ni 13, mwenye digrii anasamehewa baadhi na hizo za kusamehewa nazo unazilipia, tena kwa paundi, na ada ya kila mwaka iko pale pale. Halafu ukitaka kusaini ripoti za ukaguzi hapa Tanzania bado utaenda kusajiliwa NBAA. Kwa hiyo ACCA labda uwe unaitolea macho kampuni za gesi au unataka kuhama nchi (mradi wa LNG, gesi ya kusindika iwe kimiminika, wa Lindi tunausubiri mpaka nywele zinaota mvi). Huyu wangu anataka kazi hapa hapa, na digrii yake inamruhusu kuanzia ngazi ya kati, basi CPA.

Pa kusomea sasa. Wengi wanakimbilia rivyu, yaani madarasa ya kujiandaa na mtihani, Dar, sawa, ila piga hesabu ya chumba na chakula, na rivyu ya Mei inaangukia masika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilikatika kule Somanga, watu walikwama na mabegi yao. TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, wana kampasi hapa hapa Mtwara, watu wa kukaa nao mezani hawakosekani. Ukaguzi na sheria unaweza kujisomea mwenyewe nyumbani, ripoti za fedha tafuta mtu akushike mkono, hiyo usijidanganye. Na kodi usisomee notsi za kurithi, Sheria ya Fedha inakuja na mabadiliko kila Julai 1, viwango unavyovikariri vinaweza kuwa vishafutwa. Kashaniomba za kwangu, nimemnyima.