Hondohondo wa Entebbe

Jamani, bado moyo unanidunda.

Leo asubuhi kabla ya kazi nimepita Bustani ya Mimea ya Entebbe, ile iliyoanzishwa 1898 kando ya Ziwa Viktoria. Mvua imetoka kukatika, miti inadondosha matone.

Nikasikia mbawa kabla sijamwona ndege. Fuu, fuu, fuu!
Hondohondo dume, mweusi kwa mweupe, akajishikiza kwenye shina.

Kumbe pana tundu! Limezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu.
Akacheua tunda moja la mkuyu. Ncha ya mdomo wa jike, aliyejifungia humo kiotani, ikatokeza, ikalipokea taratibu.
La pili.
La tatu.
Nimehesabu 11, na mengine yalinipita kwa sababu macho yalijaa machozi.

Wenzangu wa Entebbe na Kampala, mmewahi kushuhudia hili? Nisimulieni.